Daftari la Alama, Ruwi

Daftari lilikuwa la duka la baba.
Upande huu madeni ya mchele na tambi,
upande wa pili, kwa penseli yangu,
msimu wa kwanza wa mpira wa kikapu chuoni kwetu.
Mimi sikucheza. Nilikuwa mfupi, tena na miwani.
Lakini mtu lazima aandike.

Uwanja ulikuwa lami iliyobaki walipomaliza barabara.
Ustadh Bushra, Msudani, mwalimu wa fizikia,
aliiomba kwa mkandarasi kama uombavyo chumvi kwa jirani.
Pete tulizichomelea wenyewe karakana;
moja ikatoka pana kidogo kuliko mwenziwe.
Timu ngeni ziligombania upande ule
na sisi tukijifanya hatujui kwa nini.

Saa kumi jioni lami bado ilikuwa inaunguza nyayo,
kwa hiyo tulicheza baada ya Isha, kwa taa za Datsun tatu,
na vivuli vya wachezaji vikapanda hadi kwenye majabali.
Mpira ulikuwa mmoja. Ukiingia chini ya gari mchezo husimama,
wote kumi na refa wao wamepiga magoti
kama waliodondosha sarafu.

Muhenna, Sleyum, Zahor, Yarub na Mundhir mdogo:
wote walishuka kwenye ndege na mama zao miaka ile,
Kiarabu chao kina kokoto mdomoni.
Darasani wakachekwa.
Kantini, wakiomba maji tu, wakachekwa.
Uwanjani wakagundua ulimi uleule una makali.

"Urojo!" na kila mtu ahame alipo.
"Ukoko!" maana yake upeleke chini ya pete.
"Mwaga!" usifikiri, rusha.

Sohar hawakuelewa. Sur hawakuelewa.
Ibri walimlalamikia refa kwamba tunasoma uganga.
Nimeandika hapa: mechi sita, ushindi sita,
na pembeni, Bi Ruzuna, sukari kilo mbili, hajalipa.

Kisha wakaja Nizwa, nyuma ya lori,
nyusi zimejaa vumbi.
Namba tisa wao alikuwa mwembamba kama ufito,
hakusema neno tangu kupasha misuli.
Muhenna akaita ukoko: mkono wa yule umeshafika.
Sleyum akaita urojo: wenzake wakazunguka kama kuku,
yeye akabaki palepale ambapo mtu angetokea.
Zahor akanong'ona, "mwaga,"
kwa sauti ya anayesali kimoyomoyo,
na mpira ukazuiwa kabla haujaacha kidole.

Thelathini na moja kwa kumi na nane.
Penseli yangu ilivunjika kwenye nane; alama yake ipo.

Wakati wa kupeana mikono
kijana alifika kwa Muhenna, akamtazama vizuri,
akasema kwa lafudhi ya Bujumbura, kule ziwani:
"Ukoko wenu umeungua, ndugu zangu."

Hakuna aliyecheka. Kwanza hakuna.
Halafu Mundhir akakaa chini, palepale kwenye lami ya moto,
akacheka mpaka Ustadh Bushra akaleta maji.
Wakamzunguka. Jina lake Ghalib.
Wakamuuliza mambo kumi kwa mpigo, ya shule, ya samaki,
kama kule nako wanapika mseto.
Alijibu machache, dereva wa lori anapiga honi.
Amekwisha panda, ndipo akainama ukingoni:
"Mama yangu yuko Nizwa mwaka wa tatu.
Anaongea na mbuzi."

Lori likaondoka.
Tulisimama na kushindwa kwetu mikononi
kama mzigo wa mtu mwingine tuliokabidhiwa kimakosa.

Ukurasa unaofuata hauna alama za mchezo.
Una mwandiko wa baba, uliolala upande:
Ijumaa. Kina mama watano, Datsun mbili, kwenda Nizwa.
Petroli.
Nazi nne za Salala.
Mikate ya kumimina, mitatu.
Na chini yake mstari mmoja, mzito, umechimba karatasi:
Hili si deni. Lisijumlishwe.