Jiwe la Kabichi

Bango linasema watu ishirini na saba.
Stefka Harasymiuk anasema ishirini na watano:
wawili walihamia makaburini theluji ilipoyeyuka,
na hakuna mwenye ngazi ya kwenda kubadili namba.

Ngazi ninayo mimi. Nimetumwa kutoka Saskatoon
kuziba kuba la kanisa linalovuja juu ya altare.
Kutwa nzima nimeendesha katika nchi bapa,
barabara imenyooka kama uzi wa mwashi,
ngano kushoto, ngano kulia,
mpaka kuba likachomoza peke yake,
kitunguu alichokisahau mtu mezani.

Nova Krynytsia, maana yake Kisima Kipya.
Kisima kilikauka zamani. Jina bado wanalinywa.

Juu kule, chini ya bati, mbao zimeandikwa kwa penseli:
herufi nisizozijua, tarakimu ninazozijua.
1911. Misumari, ratili arobaini.
Halafu deni, limekatwa mistari miwili kwa hasira au furaha.
Tundu la mashariki wameliziba kwa makopo ya asali yaliyopondwa;
kwenye moja, nyuki wa njano
angali anapanda kwenda mbinguni,
hajasogea hata inchi.

Mvua ikanishusha.

Ukumbini wanawake wanne wanafinya kingo za vareniki,
vidole vyeupe kwa unga, macho hayaangalii kazi.
Wanasema Kiukraine cha mababu,
ambacho mgeni mmoja kutoka Kyiv, walipomkaribisha,
alikisikiliza akiwa ameshika shavu
kama aliyepigiwa simu na marehemu.
"Wewe mwenye mgongo," Stefka ananiambia,
"shuka chini utuletee kabichi."

Pipa. Kifuniko. Juu ya kifuniko, jiwe
la kijivu, laini, ukubwa wa mkate.
Nalinyanyua kwa mkono mmoja, nalishusha kwa miwili.

"Taratibu! Hilo alilibeba bibi yangu Yavdokha.
Treni, meli, treni tena, mkokoteni wa ng'ombe.
Wakala aliwaapia: kule ni udongo mtupu,
mweusi, mnene, hutaona hata kokoto.
Akawaza: sasa kabichi nitaikandamiza na nini?
Akaacha cherehani, akafunga jiwe."

Ekari mia na sitini kwa dola kumi.
Jembe likaingia ardhini, likalia: jiwe.
Hatua tatu mbele: jiwe.
Kiangazi kile chote hawakulima, waliokota.
Babu alicheka mpaka akakaa chini.
Yavdokha alishona nguo za watoto kwa mkono
miaka tisa, na kila sindano ilipomchoma
alimtazama mumewe.

Mvua ilipopungua nikayaona mwenyewe dirishani,
marundo pembezoni mwa kila shamba,
na kila mwaka barafu ikilegea, ardhi hutema mengine.
Nikauliza, kwa nini basi msitumie mojawapo ya yale?

Wanne wakasimamisha vidole.
"Yale?" akasema Stefka. "Yale hayajui kabichi."

Siku ya pili nilimaliza kuba.
Makopo sikuyang'oa; nililaza bati jipya juu yake,
nyuki akabaki gizani na safari yake.
Penseli nilikuwa nayo sikioni.
Chini ya ratili arobaini nikaandika:
misumari, kilo mbili na nusu.
Deni sikuandika.
Pipa la kabichi lilikuwa tayari garini, limefungwa kamba,
na juu yake jiwe la shambani, la kujifunzia.