Mikanda ya Nyuma

Pijo ya baba, ya mwaka sitini na tisa,
haikuzaliwa na mikanda nyuma.
Tulibanana watano pale, mapaja yakinata kitini,
na breki moja tu, njia ya Usagara,
ilimwachia Minza kovu juu ya nyusi.

Igogo, gereji ya Budeba.
"Natoboa hapa," alisema, "dakika mbili."
Nikamwambia: chini ya hapo kuna tangi.
Akanyamaza. Akaiweka drili chini polepole,
kama aliyegundua kuna mtoto amelala.

Tukashusha tangi. Tukakwangua kutu
mpaka bati likasema kweli:
huku zima, huku chapati.
Akachomea kipande cha chuma, kinene, upana wa kiganja,
pembe amezisaga zisiume sakafu.
Boliti mpya,
si zile za kwenye kopo la maziwa.

Jioni, harufu ya dagaa ikipanda kutoka ziwani,
Budeba alijizungushia mkanda mkononi,
akakanyaga kiti cha mbele kwa miguu yote miwili,
akavuta.
Gari lote likaguna. Mkanda ukakaa.

Minza kaja na wanawe.
Hasemi kitu.
Anafunga, anasikiliza ule mlio, anafungua,
anafunga tena,
kidole cha mkono mwingine
kiko kwenye nyusi.