Mfunua Kurasa

Miaka arobaini leo, tamasha letu la Fort Portal,
na programu imechapwa kwa karatasi inayong'aa:
wafadhili ukurasa mzima, kisha wapiga fidla,
kisha mpiga piano, aliyesomea Vienna.
Jina la Kyomuhendo halimo. Halijawahi kuwamo.

Yeye huketi kushoto, nyuma kidogo ya piano,
gauni la kijivu, kucha fupi zisikwaruze noti.
Kazi yake kusimama kabla ya mstari wa mwisho,
kushika pembe ya ukurasa kwa vidole viwili,
kungoja kichwa kitikisike,
kufunua,
kuketi.

Mwaka wa sita mchwa walikula mguu mmoja wa piano,
tukautegemeza kwa vitabu vya nyimbo za kanisa.
Mwaka wa kumi na moja mvua ilitwanga mabati ya ukumbi
hata tukaona vidole tu vikikimbia, bila sauti,
naye akafunua pale pale palipostahili.
Alikuwa akisoma mikono.

Usiku huu mpiga piano kaja na kishikwambi:
anabonyeza kwa mguu, ukurasa unajigeuza.
Kyomuhendo wamempa kiti mstari wa mbele, na ua.

Nilikaa jirani yake. Sikutazama jukwaa.
Kila mstari wa mwisho ulipokaribia
magoti yake yalijikaza kuinuka,
na vidole viwili, juu ya paja,
vilishika pembe ya kitu kisichokuwapo.

Mara moja tu kishikwambi kilichelewa.
Yeye hakuchelewa.