Mteremko wa Kidole Kimoja

Azret alituma pampu kutoka Novosibirsk
ndani ya boksi la viatu, kaiviringisha kwa soksi zake za sufi.
Mama, ifungeni hii. Maji hayajisukumi.
Satarkul akaigeuzageuza, akaipuliza vumbi lisilokuwepo,
akairudisha kwenye soksi.
"Hii ni ya watu wenye umeme."

Naryn, mwezi wa kumi. Kingo za mto
zilikuwa zimeanza kuota meno ya barafu.
Kazi yangu: kushika taa, kushika pimamaji, kufunga mdomo.
Jiko tulilizamisha shimoni, ngazi tatu chini ya sakafu
(Jiparkan akanung'unika: jiko gani hili la kuzikwa?),
tangi tukalipandisha darini, kopo la zamani la maziwa,
na kati ya shimo na dari mabomba yakazunguka
chumba kwa chumba,
kila mita ikishuka kidole kimoja.
Si viwili. Si nusu.
Povu la pimamaji lichungulie nje ya mstari kidogo tu,
kama mdeni nyuma ya pazia.

"Maji hayapandi mlima," nikasema.
Hakunijibu mpaka chai.
Chuma, alisema, hupokezana moto
kama watu waliopanga foleni ya ndoo:
ndoo inakwenda, watu wamebaki palepale.
Maji hayana subira hiyo.
Kila tone hujitwika moto wake likaenda nao lenyewe.
Huo ni msafara, kijana. Msafara unataka njia tu.

Tukawasha makaa ya Kara-Keche.
Sebule ikapata joto, jiko la kupikia likapata,
chumba cha Azret kikabaki kaburi.
Tulipapasa bomba hadi penye fremu ya mlango:
kinundu, unene wa kucha,
na hewa imekaa humo kama mgeni asiyeaga.
Pale nilikuwa nimetazama nje.
Farasi wa jirani alikuwa akiparua theluji, akila majani chini yake.
Satarkul hakunigombeza. Alikata, akachomea upya,
na kimya chake nakikumbuka kuliko makofi ya baba.

Januari umeme ulikatika siku nne.
Pampu za mtaa mzima zikanyamaza usiku mmoja.
Kwa Jumagul bomba lilipasuka, ukuta ukavaa barafu;
akaja na watoto watano na godoro moja,
wakajaa chumba cha Azret kama dengu.
Mimi nililetwa kuchochea makaa.

Usiku wa manane mdogo wao, Aizirek,
aliweka kiganja bomba la juu, akakitoa kabla ya kuhesabu tatu.
Akashika la chini: vuguvugu, chai iliyosahauliwa.
"Nani anayasukuma?"
Moto, nikamwambia.
Halafu nikakaa na jibu langu gizani, likanikaa vibaya.

Moto huyalegeza tu. Huyatanua, huyafanya mepesi.
Anayesukuma ni yule aliyekwisha kutoa:
maji yaliyopita vyumba vyote yakiacha joto kila ukuta,
yakarudi yamepoa, yamejikunja, mazito,
yakashuka shimoni kwa uzito wao
na kuyainua mengine.
Nyumba ingekuwa na joto moja kila pembe
yangesimama.
Ni baridi ya Naryn, ileile iliyopasua ukuta wa Jumagul,
iliyokuwa ikituzungushia maji.

"Baridi," nikasema. Lakini mtoto alikwisha lala,
sikio kwenye bomba, akisikiliza kitu kisicho na sauti,
miguuni soksi za sufi za mwanamume,
visigino vimefika kwenye ndama.

Siku ya tano taa zikawaka, simu ya Jiparkan ikalia.
Akaitazama boksi ya viatu juu ya kabati.
"Pampu yako?" akasema. "Mwanangu,
haijasimama hata dakika moja."