Pezi Dogo la Mgongoni

Tangu saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya trela,
tunakata.
Verna kushoto kwangu, redio yake ikikoroma habari za theluji,
mimi na mkasi uliopinda ncha,
na vifaranga waliolegea kwa dawa ya usingizi,
kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati.
Pezi lenyewe halina hata mfupa,
limekaa nyuma kabisa, karibu na mkia,
kama neno lililokumbukwa mwishoni mwa barua.
Kacha.
Sasa wewe ni mali ya jimbo la Oregon.
Kacha.
Sasa wewe unalika.

Ndiyo sheria ya Mto Kelloway.
Trauti aendaye baharini akarudi, tumwitaye kichwa-chuma,
akiwa na pezi ni mzaliwa: mchomoe ndoana, mrudishe
kabla maji hayajamkauka.
Asiye nalo ni wa hodhi.
Rungu moja, kisha barafu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hapa mgeni alikuja kwa lori,
elfu arobaini kwa safari moja, kwa bomba nene kama paja,
na mwenyeji hakupona.
Simlaumu mgeni. Nani alimwuliza?
Mayai yalikamuliwa ndooni, bonde jingine kabisa,
yakakorogwa kwa unyoya wa bata.
Akakulia kwenye saruji, akila tembe zidondokazo kutoka juu,
hata leo kivuli cha mtu kikipita majini
hakimbii: anainua mdomo.
Ndugu yake wa mtoni, kwa kivuli hichohicho,
amekwisha kuwa jiwe.

Orrin Dahlquist, aliyeendesha malori ya magogo miaka thelathini,
hawataji bila kutema mate.
"Samaki wa plastiki," husema.
Lakini friza lake limejaa,
na mimi sijaona plastiki sahanini mwake. Miiba tu.

Machi iliyopita nilipanda kijito cha Asplund peke yangu,
buti hadi kiunoni, nikihesabu viota.
Nikamwona jike, pezi lake zima,
akilala ubavu, akiichapa changarawe kwa mkia,
maji yakichafuka, yakitakata, yakichafuka.
Nyuma yake dume,
shavu jekundu, taya limepinda,
na mgongoni, pale pa pezi,
kovu.
Tena si kovu safi. Limekwenda upande, kishungi kimebaki.
Hivyo ndivyo nikatavyo mimi
ifikapo saa tisa, vidole vikifa ganzi.

Sisemi nilimjua.
Ila gumba lilicheza lenyewe ndani ya glavu.

Kazi yangu siku ile, kwa mujibu wa karatasi, ilikuwa kumtoa.
Wavu nilikuwa nao.
Yoshikawa wa maabara amenieleza mara nyingi, kwa upole, kwa kalamu:
damu ya hodhi ikiingia, wanaorudi kutoka baharini hupungua,
kila kizazi kikisahau jambo.
Namwamini. Nimeziona hesabu zake.

Nilisimama na wavu hadi nikaacha kuisikia miguu.
Jike akatetemeka, akaachama.
Dume akaachama kando yake.
Wingu jeupe, dogo, likapita juu ya mawe, likaisha.
Kisha jike akaanza kufukia,
kokoto kwa kokoto, bila kutazama nyuma.

Nikaandika: kiota kimoja. Dume hakuonekana vizuri.
Uongo wangu wa kwanza kwa penseli ya serikali.

Watoto wao watazaliwa na pezi.
Hilo ndilo ninaloliwaza Verna akiwasha redio:
kukatwa hakurithiwi.
Watashuka na migongo yao kamili,
na Orrin atamshika mmoja, miaka mitatu baadaye,
atamrudisha majini kwa mikono miwili
kama mtu anayelaza mtoto.

Kacha.
Huyu anafurukuta, dawa haijamkolea.
Tulia, namwambia. Tulia kidogo.
Kacha.