Doa la Buluu

Ramani ya zamani ilikuwa na mraba mmoja wa kututosha sote:
kilomita tisa kwa tisa.
Ndani yake kanisa, shule, makaburi,
vijiji viwili visivyoamkiana kwa sababu ya mfereji,
kilima, bonde, na mbuzi wa Zaruhi,
vyote vikapewa nyuzi mbili juu ya sifuri,
kama shati moja la kuvaliwa na ukoo mzima.

Mama hakuwahi kuiamini.
"Hiyo ni hali ya hewa ya Yerevani," alisema.
"Hapa kwetu baridi ina miguu."
Usiku wa Aprili alichoma mabua na matairi,
akarudi ndani alfajiri, uso masizi, macho damu,
na nyuma yake maua ya aprikoti yakidondoka
rangi ya chai.

Mimi nikaenda mjini kujifunza kuikatakata dunia.
Miaka sita. Setilaiti, milinganyo, kahawa mbovu.
Nikaupunguza mraba: kilomita moja,
mita mia,
mita thelathini,
upana wa shamba la mtu asiye na kitu.
Tukatundika vipimajoto nguzoni, kimo cha goti, kimo cha kichwa.
Kimoja kiliibwa. Kimoja punda alitafuna nyaya zake.
Vilivyobaki vikasema ukweli kila dakika kumi.

Ramani ilipowaka mara ya kwanza
sikutafuta nchi, nilitafuta nyumbani.
Mteremko mzima kijani,
ila doa moja la buluu, kama wino uliovuja mfukoni,
juu ya miti yetu thelathini na minane.
Nyuzi nne chini ya sifuri!
Na kwa Hovnan, hatua hamsini tu juu yetu, moja juu ya sifuri.
Nikasema: kosa la hesabu.
Nikaanza upya. Doa likabaki.
Nikakitoa kipimajoto cha jirani, nikidhani kinaumwa.
Likabaki, limeegemea ukingo mmoja,
ukingo ulionyooka mno kuwa kazi ya Mungu.

Ukuta.

Baba aliujenga mwaka niliozaliwa,
jiwe juu ya jiwe, bila saruji,
kuzuia mbuzi, kuzuia upepo, kuzuia, alisema, kila kisicho chetu.
Msibani watu waliusifu ukuta kabla ya kumsifu yeye.
Lakini baridi ni maji yasiyolowesha:
usiku hushuka mlimani taratibu, ikitafuta pa kulala,
na ikikuta ukuta husimama, hujaa,
hupanda shina, hupanda tawi, hadi kwenye ua.
Miaka thelathini na mmoja
baba alikuwa ametujengea bwawa.

Kwa simu nilishindwa.
Nikapanda basi na karatasi imekunjwa kifuani.
Mama akavaa miwani, akaligusa doa
kwa kidole ambacho masizi hayatoki tena.
Akauliza tu, "Yeye anajua?"
Nikasema hajui.
"Basi usimwambie."

Tukatoka na mtaimbo.
Hatukuubomoa wote. Kona ya chini tu,
upana wa mikokoteni miwili, pale buluu ilipokoza.
Mawe tuliyapanga kando kwa mfuatano wake,
maana kazi ya mikono ile hairushwi ovyo.

Usiku wa tarehe kumi na nne tulikaa gizani, bila moto.
Saa tisa niliisikia, naapa, ingawa hakuna kipimo cha kusikia,
ikipita pengoni, ikitugusa vifundo vya miguu,
kama kondoo wanaoijua njia.

Kulipokucha maua yalikuwa meupe.
Mama akayahesabu ya tawi moja, akachoka, akaacha.
Mimi nikafungua ramani.
Doa halikuwa limekufa. Lilikuwa limehama,
miraba minane chini, penye makaburi,
limejilaza juu ya mawe yaliyoandikwa majina.
Sikumwonyesha.
Lakini aliposhuka jioni kumwagilia maua ya baba
alibeba blanketi.