Nyuma ya Bili ya Umeme

Idrija, Februari. Theluji juu ya mapaa
kama kitambaa ambacho hakuna aliyekikunja.
Nilishuka basi na kompyuta mbili, chaja tatu,
na programu ya kuchorea niliyoilipia mwaka mzima,
ina vitufe ambavyo hadi leo
nusu yake sijui kazi yake.

Walitaka tovuti, wanawake tisa wa ushirika wa lesi.
"Ndogo," alisema Tončka, mtunza hazina.
"Mtu aone lesi, ajue bei,
ajue mlango wetu uko wapi."
Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda kufanya kinyume:
siku nne nachagua rangi ya kitufe kimoja,
navuta vivuli, napanga kurasa ishirini na sita
za maneno ambayo hayajaandikwa na mtu.

Siku ya tano programu ikaomba isasishwe.
Mstari wa buluu ukatambaa
hadi asilimia sabini na mbili
ukaketi.
Tončka alinitazama nikiutazama.
Hakucheka. Angecheka, ningepata nafuu.

Akanivutia kiti kando ya mto wake wa kusukia,
mto mnene uliojazwa vumbi la mbao.
Juu yake karatasi, imeshikwa kwa pini,
na mistari miwili ikijikunja kama njia ya konokono.
"Uzi haujui uendako," akasema.
"Ajuaye ni karatasi.
Hii aliichora mama mkwe, penseli ya seremala,
nyuma ya bili ya umeme."
Akainua pembe yake nione:
tarakimu za deni zilikuwepo bado,
na muhuri wa mwaka ambao sikuwa nimezaliwa.

Jozi saba za vijiti zikaanza kugongana,
pindua, vusha, pindua,
pini moja ikang'oka, ikachomekwa hatua mbele.
Alipokosea alirudi nyuma kidole kimoja tu.
Mimi nikikosea hurudi nyuma wiki.

Basi akaniletea karatasi ya kufungia jibini,
mkasi uliolegea, kifutio kigumu kama kokoto.
Tukakata vipande kumi na kimoja,
kila kipande ukurasa,
tukavitawanya mezani kati ya vikombe.
Marjeta akataka picha ya paka wake.
Slavka akataka historia tangu babu wa babu.
Tukabishana kwa mikono, tukisukuma makaratasi,
na hakuna aliyeniuliza neno moja la kitaalamu.

Vinko wa posta akaingia kukung'uta theluji.
"Wewe ni mteja," nikamwambia.
"Unataka kununua kola ya lesi. Gusa unapoanzia."
Kidole chake, kikubwa, chenye unyevu,
kikatua kwenye historia.
Akangoja. Nasi tukangoja.
"Mbona hakufunguki?" akauliza,
na hapo ndipo Slavka mwenyewe
akakichukua kipande chake, akakisogeza chini kabisa.

Kufikia jioni vilibaki vipande vinne.
Nikaona weupe kati yao, nikaingiwa na hofu ya zamani,
mkono ukatafuta kitu cha kuujaza.
Tončka akainua kola iliyokwisha, akaiweka mbele ya taa.
Ukutani kikaanguka kivuli chenye madirisha.
"Uzi wa gramu chache," akasema.
"Kilichobaki ni matundu. Wateja hulipia yote."

Tulikula maandazi madogo ya viazi, yamekunjwa kama kofia.
Kompyuta ikalia kutoka kwenye begi:
imemaliza. Je, nianze mradi mpya?
Nikaiacha iulize.
Itakuwa na kazi yake Jumatatu,
nitakapokuwa na kitu cha kuiambia.

Ramani yote niliibeba mfukoni,
vipande vinne, na cha tano kimejificha katikati:
paka, amechorwa kwa penseli,
sharubu upande mmja tu.
Bado sijaamua.